Mabakuli Mawili ya Kitopeni

Mwezi uliopita nilikwenda Kitopeni kwenye arobaini ya Bi Riziki. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumebanana kwenye mikeka, wali wa nazi unapita kwa masinia, na nje barazani wanaume walikuwa wamemaliza kusoma hitima. Ndipo tukamsikia mwenyekiti wa kijiji, kijana niliyemjua tangu hajui kufunga vifungo vya kaptula yake, akipaza sauti ili na sisi wa ndani tusikie. Alimshukuru marehemu kwa ukarimu wake. Akamshukuru mhandisi mmoja wa zamani, ambaye kwa maneno yake ndiye aliyegundua maji matamu ya Kitopeni. Kisha, kwa sauti ile ile ya dua, akatangaza kwamba kijiji kimepata mnunuzi wa mchanga wa Mto Mfu, malori yataanza kuingia baada ya wiki mbili, na kwamba maendeleo hayo marehemu angeyafurahia. Tonge nililirudisha kwenye sinia. Mchanga wa Mto Mfu ndio uliotunza maji matamu ya kijiji kile miaka yote. Ukiuchota ukaupakia kwenye malori, Kitopeni inarudi kunywa chumvi. Na aliyetuonyesha jambo hilo hakuwa mhandisi yeyote. Alikuwa huyo huyo tuliyekuja kumwombea.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema, wala sikionei haya. Lakini hakitaeleweka bila ya ule mwaka wa mvua kubwa, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na nani alimwoa nani, nazipita, kwa kuwa mwaka ule haukutoka kwa wazazi wangu. Ulitoka kwenye chumba kimoja cha ofisi ya maji hapa mjini, Chumbageni, chumba chenye madirisha mawili yasiyofungika na meza ndefu ya saruji, ambacho sisi tulikiita maabara. Kulikuwa na kabati la dawa, mizani iliyofunikwa kitambaa, chupa zimepangwa, na bomba moja la kioo lenye koki chini, ambalo Bwana Mhina hakuruhusu mtu mwingine aliguse mpaka nilipomaliza miezi mitatu. Bwana Mhina alikuwa mkuu wangu: Mbondei wa Muheza, mtu wa kanisani, shati jeupe siku zote, na kila Jumatatu alirudi kazini na mfuko wa machungwa ya kwao. Alilimenya chungwa kwa kisu kidogo bila kukata ganda hata mara moja, na wakati anamenya ndipo alipofundisha. "Binti Zubeda," alikuwa akiniambia, "mpimaji haonji. Ulimi una mapenzi. Chupa haina mapenzi." Nilimheshimu mno, na bado namheshimu, ingawa katika hilo la ulimi alikosea.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Ukitaka kujua maji yana chumvi kiasi gani, unatia ndani yake dawa ya njano kidogo, kisha kutoka kwenye lile bomba la kioo unadondosha dawa nyingine, tone kwa tone, huku unatikisa, mpaka ile njano igeuke kuwa nyekundu ya tofali. Maji matamu hugeuka upesi. Maji ya chumvi yanakunywea dawa mpaka mkono unachoka, na njano iko pale pale inakutazama. Nilikuwa naipenda saa ile ya kungoja rangi. Ilikuwa saa pekee katika maisha yangu ambayo hakuna mtu angeweza kuniambia nimeona vibaya.

Mwaka ule Sigi, mto wa bonde lile, ilifurika. Ilitoka kingo zake na kulala juu ya bonde lote la chini, na ilipoondoka iliacha tope jekundu la milima ya Amani kwenye mashamba, vyooni, hata juu ya mabenchi ya shule. Visima vingi vilijaa udongo. Ukaja mradi na mashine moja ya kuchimba visima virefu, na kila kijiji kilipewa shimo moja tu. Shimo la Kitopeni lilikuwa limeshapangiwa mahali: uwanja wa shule, kwa sababu pana kisima cha zamani na lori linafika bila taabu. Kilichobaki ni sisi kupima maji ya kisima kile cha shule. Yakiwa mazuri, mashine inachimba hapo hapo, kwenda chini zaidi, na kazi imekwisha. Mashine isingerudi mara ya pili kusahihisha kosa.

Nilipelekwa mimi. Kipimo chetu cha kubebeka kilikuwa kimekufa betri, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuyatia kwenye chupa sita, kuandika vibandiko na kuyaleta mjini. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Riziki, mwanamke wa kama miaka arobaini, mfupi, mjane, mwenye sauti ya kumwamuru hata mbuzi akatii. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, na kabla sijakaa alishanipa kata ya maji kutoka kwenye mtungi uliokuwa pembeni mwa ukumbi, juu ya tuta dogo la mchanga mbichi. Mtungi umefukizwa ubani. Maji yalikuwa ya baridi na yana ile harufu ya ibada na harusi. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa chukuchuku, pilipili imetwangwa na ndimu, na chai ya tangawizi baadaye, na sikumbuki kama nimewahi kula vizuri namna ile nikiwa kazini. Chupa zangu sita, nilizokuwa nimezijaza kwenye kisima cha shule kabla ya chakula, nilizipanga ukutani, maji yake yamechafuka, yana vumbi vumbi linalozama. Nilipokwenda kujilaza kidogo baada ya chakula niliwasikia wanawake upande wa pili wa ukuta wakinong'ona na kubishana.

"Watakwenda kutusema mjini."

"Haki ya Mungu, yale hayatoki humu ndani yakiwa vile."

"N'achieni mimi," sauti ya Bi Riziki ikasema.

Nikadhani wanazungumza habari ya choo, ambacho kweli kilikuwa kimebomoka na mafuriko. Nikasinzia. Asubuhi nikabeba sanduku langu la chupa nikaondoka, nimeongezewa nazi nne juu yake.

Nilipofungua chupa ya kwanza maabara, harufu ya ubani ilinipiga usoni. Nikafungua ya pili: ubani. Maji yalikuwa meupe, hayana hata chembe. Nikadondosha dawa, rangi ikageuka kabla sijahesabu matone ya maana. Maji matamu kabisa, matamu kuliko ya bomba letu la Chumbageni. Nikamwita Bwana Mhina nikamwambia haya siyo maji niliyoteka. Akainamia chupa, akanusa, akaninusa na mimi kwa mbali.

"Ni wewe unayenukia, binti, siyo maji. Umelala nyumba ya watu wa pwani."

"Mzee, yale yalikuwa na vumbi."

"Vumbi limetulia chini likabaki safarini."

"Likabaki wapi, nayo chupa ina kizibo?"

Alikirudisha kizibo. Halafu akasema kibandiko ni mwandiko wangu, sampuli ndiyo inayosema, na yeye hawezi kumwandikia mhandisi wa mradi kwamba msaidizi wake ana hisia. Taarifa ikaandikwa mchana ule: maji ya kisima cha shule, Kitopeni, yanafaa. Nilimwona akigonga muhuri. Ilinikera hadi machozi yakanilenga, na nikaona haya kwa machozi hayo, na ile haya ikanikera zaidi. Wiki ile ile nikaomba ruhusa ya siku mbili kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo, nikapanda gari la mizigo mpaka njia panda, nikatembea hadi Kitopeni bila kumwarifu mtu.

Bi Riziki alinikuta mlangoni, mikono ina unga. Hakukuwa na maji mtungini. Hakuna aliyengoja mgeni. Chai waliyokuwa wakinywa ndiyo aliyonipa, na tangawizi yote ile haikuweza kuificha chumvi. Niliishika mdomoni, nikawaza mpimaji haonji, nikaimeza. Jikoni kulikuwa na chungu cha kunde zilizochemka tangu alfajiri na bado ngumu. Msichana wake mdogo, Mwanaisha, alikuwa uani anafua, anasugua sabuni kwenye kanga na povu halitoki.

"Bi Riziki," nikamwambia, "mlibadilisha maji yangu."

"Ndiyo, n'liyabadilisha mimi." Aliketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi akanitazama bila kupepesa. "Wewe ulitaka nifanyeje? Mgeni wangu atoke kwangu na chupa za tope, ende nazo mjini, waseme watu wa Kitopeni hawana hata maji ya kumpa mtu? Maji yale ya skuli hatumpi mgeni. Hajawahi kupewa. Tangu enzi za mama yangu, akija mgeni tunampa ya mtungini."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kila ofisa aliyewahi kuja Kitopeni alipewa maji ya mtungini, akapikiwa chai ya maji ya mtungini, akarudi mjini na kusema Kitopeni wamejaliwa maji. Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa chumvi na kuwanywesha wageni utamu, na kwa adabu yao hiyo walikuwa wamejinyima kisima. Nilimweleza habari ya mashine, kwamba ni shimo moja tu, na kwamba kwa zile chupa zake sita litachimbwa shuleni. Aliinuka kwenye mbuzi. Uso wake ulibadilika, nami nikaona uchungu wa mtu aliyegundua kwamba wema wake umemgeuka.

"Ya mtungini yanatoka wapi?" nikamuuliza.

"Mto Mfu."

Ulikuwa mwendo wa saa nzima kupitia mikoko michanga na mashamba ya mpunga. Mto Mfu ni njia ya zamani ya Sigi, mahali mto ulipopita kabla babu zao hawajazaliwa, kisha ukahama na kuacha ukanda mrefu wa mchanga uliofunikwa na majani. Bi Riziki alipiga magoti, akafukua kwa kifuu, akangoja. Maji yakajikusanya taratibu. Alikuwa akikaa hapo asubuhi nzima kujaza ndoo moja kwa ajili ya watu asiowajua. Nilikuwa nimechukua keekee ya mkono ya ofisini, ile ndefu ya kutobolea udongo, bila idhini ya mtu. Tukaizungusha pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, na kila tulipoitoa tulipanga udongo wake juu ya jani la mgomba kwa mpangilio wake. Juu kulikuwa na tope jekundu la mwaka ule. Chini yake mchanga, mchanga, mchanga tena, mweupe, una vimeta vya mawe ya milimani, na unachuruzika maji. Jioni tukatoboa karibu na shule. Huko tope jekundu lilikwisha upesi likafuata tope la kijivu, zito, linalonuka yai viza, na ndani yake magamba ya chaza. Bi Riziki alichukua donge akalitia mdomoni, akatema.

"Bahari," alisema. "Bahari ilikuwa hapa, na haijaondoka."

Nimesoma vitabu baada ya hapo, na vyote kwa maneno marefu vinasema hivyo hivyo. Tope la zamani la mikoko limeshika chumvi ya bahari, na kadiri unavyochimba ndivyo unavyoifuata. Mchanga wa mto uliokufa unapokea mvua na kuitunza juu ya ile chumvi, mvua inakaa humo, na maadamu mchanga upo, chumvi haina nafasi ya kupanda. Mwanamke yule alikuwa analijua bonde lake kwa ulimi, na sisi tuliokuwa na mihuri tulikuwa hatumwulizi.

Nilirudi na yale majani ya mgomba yenye udongo nikayatandaza juu ya meza ya saruji ya Bwana Mhina. Aliona keekee, akajua nilidanganya habari za mgonjwa. Alikasirika kweli. Taarifa imekwenda, alisema, mashine inafika Kitopeni Alhamisi, na mimi nimeiba kifaa cha serikali. Nikamwambia anifukuze, lakini aje kwanza Alhamisi. Alimenya chungwa zima. Mwishowe akasema anaweza kuandika taarifa mpya kwa sharti moja, niandike aliyebadilisha sampuli ni nani, maana faili linataka jina.

"Andika jina langu," nikasema.

"Siyo wewe uliyebadilisha."

"Mimi ndiye niliyezilaza chupa bila kuzifungia. Andika Zubeda."

Akachukua kalamu, akaandika. Jina langu limo humo mpaka leo, msaidizi mzembe wa Kitopeni, na kwa jina hilo nilinyimwa kupandishwa cheo mara mbili. Sijawahi kulijutia.

Alhamisi watu walijaa uwanja wa shule. Mashine ilikuwa imeshasimikwa. Mhandisi wa mradi, mtu mpole mwenye haraka, alimsikiliza Bwana Mhina kwa heshima, akasema inawezekana kuna hitilafu, lakini huko Mto Mfu lori haliwezi kufika, na yeye ana vijiji vingine vinamngoja. Wazee wakaanza kutikisa vichwa; wengine walikuwa tayari wanamshukuru. Hapo nikamwona Bi Riziki akipita katikati ya wanaume, ana bakuli mkono huu na bakuli mkono huu, hana haraka, kanga imefungwa kiunoni. Sikumtuma. Sikutaka hata ajulikane.

"Baba, karibu maji," akamwambia mhandisi. "Hili ni la hapa unapotaka kuchimba. Kunywa."

Akanywa kwa adabu, akakunja uso, akageuka pembeni akatema.

"Na hili ni la Mto Mfu. Mlilolipima mjini ni hili. Mimi n'lilitia kwenye chupa zenu, n'kaona haya mpeleke lile. Aibu ni yangu, si ya mtoto huyu. Sasa nimeshaisema mbele za watu, imekwisha. Kunywa."

Akanywa. Alilimaliza bakuli. Nadhani kila mtu uwanjani alikuwa anatazama koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza alisema, kwa sauti ndogo, kwamba bado lori haliwezi kufika.

"Litafika," akasema Bi Riziki. "Tupe siku tatu."

Mhandisi akakubali kungoja, nao wakaleta makumbi ya nazi. Sijaona tena kitu kama kile. Wanawake wa vijiji vitatu, na baada ya siku ya kwanza wanaume pia walioshindwa kuendelea kukaa kutazama, walibeba makumbi kwa matenga wakayajaza kwenye tope la njia ya Mto Mfu, wakalaza magogo ya minazi juu yake, wakajaza makumbi tena. Nilibeba nami mpaka mabega yakachubuka. Siku ya pili Bwana Mhina alivua shati lake jeupe akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akachukua tenga. Siku ya tatu mchana lori lilipita, likitikisika na kuzama kidogo na kuinuka. Maji yalipotoka, mhandisi alimwita Bi Riziki aonje wa kwanza. Bwana Mhina alikuwa amesimama karibu nami. Akaniambia, "Onja na wewe." Jumatatu nilikuta chungwa juu ya meza yangu limemenywa.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nayo moyoni pale arobaini, namsikia kijana yule anamshukuru mhandisi na kuuza mchanga katika pumzi moja. Niliinuka. Mwanaisha, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, aliniuliza nataka nini. Nikamwambia: mabakuli mawili. Hakuuliza la kufanyia. Kisima cha shule bado kipo, wanateka maji ya kuoshea vyoo, akamtuma mtu. Bakuli la pili tukalijaza maji ya mtungini, yaliyoletwa kutoka pampu ya Mto Mfu. Miguu yangu siku hizi inauma, lakini nilitembea wima mpaka barazani.

"Shangazi, huku ni kwa wanaume," mwenyekiti akaniambia.

"Naona. Kunywa hili."

"Ni maji ya nini?"

"Ni ya Kitopeni yako mpya. Kunywa, mwanangu, watu wanakungoja."

Akatazama huku na huku apate wa kumwokoa. Wazee watatu waliokuwa wamebeba makumbi siku zile walikuwa wameketi nyuma yake, na mmoja wao akasema, "Kunywa tu. Mhandisi wako naye alikunywa." Akanywa. Akashindwa kumeza, na kutema akaona haya, akabaki na maji mashavuni mbele ya kijiji kizima. Sikucheka, ingawa nilitaka sana. Nikamwekea bakuli la pili mbele yake nikamwambia hilo ndilo analotaka kulipakia kwenye malori. Kisha nikarudi ndani kumalizia wali wangu.

Hakuahidi chochote. Kwa siku kumi na nne sikupata neno, nikajiambia labda nimezeeka na nimejiaibisha bure. Leo jioni Mwanaisha amenipigia simu. Malori yalifika asubuhi, mawili, na mnunuzi mwenyewe ndani ya gari la mbele. Yalipofika kwenye njia ya kwenda Mto Mfu yakasimama, kwa kuwa wanawake walikuwa wameketi njiani, juu ya makumbi yale ya mama zao, kila mmoja ana bakuli lake la maji ya shule magotini, na walimwambia mnunuzi karibu maji. Amesema atarudi kesho na mwenyekiti.

Na mimi kesho naenda. Bakuli langu nimeshaliosha.